Mbona NUTA Jazz Haisikiki Kama Jazz?

Mpwa wangu ana miaka 19 na muziki wa dunia nzima anao kwenye simu. Juzi alikuja kukaa kwangu wikiendi, akaniomba nimtajie bendi za zamani za kwetu azitafute. Nikamtajia NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz. Akatafuta, akasikiliza dakika mbili tatu, akavua vile vya masikioni.

"Mjomba, umeniingiza mjini. Hii si jazz."

Nikachungulia simu yake. Programu ilikuwa imeuweka wimbo wa OTTU Jazz, jina la baadaye la NUTA Jazz, katikati ya wapiga piano wa New York, nao ulikaa pale kama mtu aliyeingia msiba usio wake kwa kukosea nyumba.

Nilicheka, ila swali lake nalisikia pia kwa watu wazima. Redio ikirusha zilipendwa, au akifariki mwanamuziki mkongwe, mabishano ni yale yale: NUTA na JUWATA ni bendi moja au mbili? Msondo ni bendi au ni ngoma? Sikinde, wapinzani wao, wanaingiaje hapo? Na hiyo jazz yenyewe iko wapi? Nitajaribu kulifumua fundo hili kwa kushika bendi moja, ile iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz na leo inaitwa Msondo Ngoma. Ukiielewa hiyo, nyingine zote zitakuja zenyewe.

Maneno kwanza

Jazz yenyewe ilizaliwa na Wamarekani weusi mwanzoni mwa karne ya 20, na mji unaotajwa zaidi ni New Orleans. Kiini chake ni kubuni papo hapo. Wanamuziki wanakubaliana wimbo, kisha kila mmoja kwa zamu anautunga upya mbele ya watu kwa ala yake. Aliyewahi kusikiliza malenga wawili wakijibizana ataelewa upesi. Vina na mizani wanavijua tangu nyumbani, lakini beti zinazaliwa pale pale.

Jazz-rock ilikuja mwishoni mwa miaka ya 60, pale watu wa jazz walipochukua gitaa za umeme na mapigo mazito ya roki, na baadhi ya bendi za roki nazo zikaajiri wapuliza tarumbeta. Miles Davis aliingia kwa mlango wa kwanza. Kwa mlango wa pili waliingia vijana wa Chicago, ambao nitawarudia.

Muziki wa dansi ni kitu kingine. Hapa kwetu ni muziki wa bendi yenye gitaa, ngoma, mara nyingi na ala za kupuliza, unaopigwa ukumbini ili watu wacheze, na unaoimbwa kwa Kiswahili. Mizizi yake mikubwa ni rumba, iliyotoka Cuba ikapitia Kongo, na chini ya rumba hiyo zipo ngoma zetu wenyewe. NUTA Jazz, Western Jazz na wenzao wote ni dansi. Aliyezipeleka kwenye kapu la jazz alisoma jina, hakusikiliza.

Sasa kwa nini walijiita hivyo? Ukimtuma mtoto dukani akalete Omo, akarudi na sabuni ya unga ya kampuni nyingine kabisa, humgombezi. Alikuelewa. Neno "jazz" lilifanya kazi hiyo hiyo mijini kwetu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, wakati mjini pana ngoma ya beni na matarumbeta yake, na madansi ya kuchezwa wawili wawili yanashika kasi. Muda si mrefu zikawa zinaingia santuri za Cuba zilizojulikana kwa herufi za GV. Kijana wa wakati huo akisema "jazz" alimaanisha muziki wa kisasa, wa mjini, wenye ala za kununua dukani. Kwamba huko Marekani lina maana finyu zaidi, hilo halikumkosesha usingizi.

Wala hatukuwa peke yetu. Kule Kongo, Joseph Kabasele aliita bendi yake African Jazz mwaka 1953, na mwaka 1956 ikaja OK Jazz ya akina Franco. Guinea walikuwa na Bembeya Jazz. Kenya kulikuwa na Shirati Jazz ya D. O. Misiani, na hiyo ilipiga benga. Ziweke zote mezani uzisikilize: rumba, dansi, benga, na muziki wa Kimandinka wa kule magharibi. Kinachozifananisha ni ubao uliopakwa rangi mlangoni.

Gari lile lile, rangi mpya

Fundo la pili ndilo linalowachanganya wengi. Watu wanadhani NUTA Jazz, JUWATA Jazz, OTTU Jazz na Msondo Ngoma ni bendi nne. Ni moja. Chukulia daladala iliyouzwa kwa tajiri mwingine, ikapakwa rangi ya njia nyingine: injini ile ile, dereva yule yule, na kile kiti cha nyuma kilichochanika bado kimechanika.

Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA. Chama hicho kikaanzisha bendi. Vyombo vilikuwa vya chama, wanamuziki walikuwa waajiriwa wa chama. Mwishoni mwa miaka ya 70 NUTA ikawa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, yaani JUWATA, na bendi ikabadili jina kumfuata mwajiri. Mwaka 1991 ikaja OTTU, bendi ikafuata tena. OTTU nayo ilipopita na siku hizi kuna TUCTA, bendi ikagoma kubadilishwa rangi mara nyingine. Miaka ya 2000 ikachukua jina ambalo mashabiki walikuwa wakiliita siku zote, Msondo Ngoma, na ikabaki nalo.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wale wa Chicago. Bendi yao ilianza mwaka 1967, gitaa za umeme mbele na wapulizaji watatu: tarumbeta, tromboni na saksafoni. Walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1969 kwa jina la Chicago Transit Authority, ambalo ni jina la shirika la mabasi na treni za mji huo. Shirika likaja juu, wakalikata jina likabaki Chicago tu. Bado wanapiga mpaka leo. Nawataja kwa sababu ni mfano mzuri wa bendi kuwa kubwa kuliko watu wake. Mpiga gitaa wao Terry Kath alikufa mwaka 1978 kwa risasi aliyojifyatulia kwa bahati mbaya, mwimbaji Peter Cetera akaondoka mwaka 1985, na bendi ikaendelea.

Miaka hiyo hiyo miwili, 1978 na 1985, ndiyo ya misukosuko huku kwetu. Ni sadfa tu, lakini inasaidia kukariri. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyekuwa na NUTA Jazz tangu mwanzo, alihamia kwenye bendi mpya iliyoitwa Mlimani Park. Na mwenye bendi hiyo alikuwa nani? Kampuni ya usafiri na teksi, Tanzania Transport and Taxi Services. Wa Chicago waligombana na watu wa mabasi, wetu wakaajiriwa na watu wa teksi. Baadaye bendi hiyo ikawa mali ya shirika la maendeleo la jiji, DDC, ndiyo maana ukaizoea kama DDC Mlimani Park. Mwaka 1985 Gurumo akahama tena na wenzake kadhaa kwenda Orchestra Safari Sound, OSS. Mwanzoni mwa miaka ya 90 akarudi nyumbani kwa wafanyakazi.

Kuhama huko kulikuwa kwepesi kwa sababu mwanamuziki hakuwa na cha kubeba. Gitaa si lake. Spika si zake. Nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania zimebaki kwenye maktaba ya redio. Akiahidiwa mshahara ulionona kidogo, anatoka na sauti yake kooni na vidole vyake. Na bendi inayoachwa nayo haifi, kwa kuwa vyombo vipo na mshahara wa mrithi wake upo. Kwa hiyo kile kilichowafanya wanamuziki wazeeke mikono mitupu ndicho kilichozifanya bendi ziishi miaka 60. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani, gari alipewa zawadi na kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz. Watu walishangilia. Mimi niliona aibu kidogo, ingawa si kwa Diamond. Alifariki Aprili 2014.

Mtindo ndilo jina halisi

Ikiwa "jazz" halikutofautisha bendi na bendi, na majina ya waajiri yalibadilika kama mawaziri, shabiki alijuaje anampenda nani? Alijua kwa mtindo.

Mtindo ni neno gumu kwa vijana kwa sababu siku hizi linamaanisha mavazi au namna ya kunyoa. Katika dansi, mtindo ulikuwa jina la mapigo ya bendi, la uchezaji wake na la ukoo wa mashabiki wake, vyote kwa pamoja. Western Jazz walikuwa Saboso. Dar es Salaam Jazz, Mundo. Urafiki Jazz, bendi ya kiwanda cha nguo, Chakachua, neno ambalo leo limehamia kwenye mafuta ya magari. Tabora Jazz, Sega Matata. Polisi Jazz, Vangavanga. Mwenge Jazz ya jeshi, Paselepa. Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano, Masika. Hukuuliza mtu "leo unakwenda kwa bendi gani?" Ulimwuliza kama anakwenda Msondo au Sikinde.

Msondo ni ngoma ndefu ya watu wa pwani, na wengi wanaijua kwa unyago. Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, nayo ni ngoma ya Wazaramo, na msemo wake kamili, "Sikinde ngoma ya ukae", maana yake ngoma ya nyumbani. OSS nao wakawa Ndekule. Gurumo, mtu wa Kisarawe, alizipitia bendi zote tatu, na Msondo na Sikinde ni ngoma za huko kwao pwani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema bendi hizi ziliiga Wakongo tu, mwombe akutafsirie majina ya mitindo. Ni kweli kwamba Kongo ilitufundisha mengi, na wanamuziki wake walihamia Dar wakaishi nasi, bendi ya Maquis ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Lakini mapigo ya chini yalibaki ya hapa. Na nyimbo zilisimulia kisa chote kwa Kiswahili cha kueleweka, kuanzia mke kuondoka hadi mashemeji walipoitwa kikaoni.

Uhasama wa Msondo na Sikinde ulikuwa wa Simba na Yanga kabisa. Wachezaji wanahamishana, mashabiki hawahami.

Kinachotokea ukumbini

Huwezi kuielewa bendi hii kwa kusikiliza tu. Ilijengwa kwa ajili ya ukumbi. Nyimbo zilizotolewa kwenye santuri, ambazo zilitengenezwa Kenya, zililazimika kukatwa nusu: upande wa kwanza wimbo, upande wa pili mwendelezo. Msikilizaji wa leo anapata upande mmoja kwenye simu na kudhani amesikia wimbo mzima.

Wimbo wa dansi una sebule na una ua. Sebuleni ndipo wageni wanapopokewa: mwendo ni wa polepole, waimbaji wawili au watatu wanapokezana beti, tarumbeta na midomo ya bata (saksafoni) zinajibu mwisho wa kila mstari, watu wanacheza wawili wawili na wenye haya bado wako vitini wakimalizia mishkaki. Kisha dramu inagonga kwa namna ambayo kila mwenyeji anaijua, sauti zinanyamaza, na mnahamia uani kwenye moto. Sehemu hii inaitwa chemko. Wakongo wanaiita sebene.

Ndani ya chemko ndipo swali la mpwa wangu linapopata jibu la kimuziki. Simama karibu na jukwaa uwaangalie wapiga gitaa mmoja mmoja. Wa rizimu ameshika kipande kifupi anakirudia bila kuchoka. Wa solo la pili ana kipande kingine, kinachoingia kwenye nafasi alizoziacha mwenzake. Besi haimfuati yeyote, inaruka na kunyamaza, inaruka na kunyamaza. Tumba zinaziba matundu. Kila kipande ukikisikia peke yake utaona mtu huyu hajui kitu, maana anarudia jambo moja. Vyote pamoja ni kama ukili. Kila kindu kinapita juu na chini ya mwenzake, na ukichomoa kimoja mkeka unalegea.

Juu ya mkeka huo ndipo gitaa la solo linapotembea. Kwa Msondo, kwa miaka mingi, mtu huyo amekuwa Saidi Mabera, aliyeingia miaka ya 70 na kubaki wakati wenzake wakihamahama. Je, anabuni papo hapo kama watu wa jazz? Ndiyo, kwa kiasi. Anabadilisha, anarefusha, akiona watu wamenoga anakirudisha kipande mara nne zaidi. Tofauti iko kwenye anayeamua. Mpiga jazz anaweza kwenda mbali mpaka wasikilizaji wampoteze, na wakampigia makofi kwa hilo. Mpiga solo wa dansi akiwapoteza wachezaji amevunja shoo. Bosi wake ni miguu ya watu.

Nimewahi kuliona hilo kwa karibu Jumapili moja, ukumbi wa TCC Chang'ombe. Chemko limeshika, mwanamke mmoja wa makamo, kitenge na raba, ametoka mezani peke yake. Hakwenda katikati. Alisimama hatua moja mbele ya wapulizaji akawa anacheza kwa mabega tu, polepole, kama anayewasikiliza. Mpuliza tarumbeta alimwona, akamkonyeza mwenzake, wakalirudia lile jibu lao fupi. Mabega yakajibu. Wakalirudia tena. Naapa walikwenda hivyo mara nane, bendi nzima imeshikilia pale pale haiendi mbele hairudi nyuma, mpaka yule mama akatoa noti kwenye pochi, akambandika mpulizaji kwenye paji la uso lenye jasho, akarudi kukaa. Ndipo dramu ikagonga wakasonga. Rekodi ya wimbo ule ninayo. Kipande hicho kinapigwa mara mbili tu.

Kwa hiyo mtu anaposema Msondo ya zamani ilikuwa nzuri kwa kuwa rekodi ya redio inasikika safi, namwelewa, ila anaisifia picha ya pasipoti.

Wale waliobaki na walioondoka

Swali la mwisho ambalo watu huuliza, hasa baada ya misiba: bendi iliyobadilisha karibu watu wake wote, bado ni ile ile? TX Moshi William alifariki mwaka 2006 na wengi wakasema Msondo imekwisha. (Hiyo TX si jina la ukoo. Zilikuwa herufi za namba za magari ya wataalamu kutoka nje, na mtaani "TX" ikawa na maana ya mtaalamu. Mashabiki walimpa cheo.) Haikwisha. Gurumo akafa, haikwisha. Mwaka 2024 bendi ilitimiza miaka 60.

Mimi nadhani jibu liko kwenye chemko. Mpigaji mpya anapoingia hapewi karatasi ya muziki. Anasimama pembeni, anasikiliza, anakariri kipande cha aliyemtangulia, na anakipiga hivyo mpaka wakongwe wamwamini. Baada ya hapo ndipo anaruhusiwa kuongeza lake. Anayekuja baada yake anakariri pamoja na nyongeza hiyo. Hiyo ndiyo injini ya ile daladala.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, mengine mara mbili. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa niuweke wapi huu wimbo?" Tukatafuta pamoja kwenye programu yake. Palikuwa na jazz, palikuwa na rumba, palikuwa na kitu kinachoitwa muziki wa dunia, ambacho sijui kinauacha muziki wa sayari gani. Dansi haikuwepo. Akatengeneza kapu lake mwenyewe, akaliita Msondo, akatia NUTA, JUWATA na OTTU mle ndani.

Jioni nikalipitia nione amefikia wapi. Alikuwa ametia na nyimbo sita za Sikinde.

"Toa," nikamwambia.

"Mjomba, si umesema zote ni dansi?"

"Toa."